Skafu Isiyofunga

"Kaza kidogo, mama."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Basi la kwanza haliondoki mpaka nilitaje."

Mama alivuta ncha mbili za skafu kuelekea sikio la bintiye. Kifungo kilikuwa ncha hii, tundu lake ncha ile, na katikati ikabaki nafasi ya kidole kizima. Akavuta tena. Binti akakohoa, na mama akaachia haraka kama aliyeshika chungu cha moto.

Haikuwa skafu ya kujitupia mabegani. Ilikuwa fupi, ya rangi ya kijani ya sare, ya kukaa shingoni kama kola na kufungwa pembeni kwa kifungo kimoja. Binti alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Kutwa alikaa ndani ya kibanda cha kioo, kipaza sauti mbele yake, akitaja basi na saa yake na kila mahali litakaposimama. Sauti yake watu waliijua kuliko sura yake, na wenzake kazini walimwita Kengele. Lakini siku hizi abiria waliosogea dirishani kuuliza kitu hawakumtazama usoni. Walizungumza na shingo yake.

"Uzi umenywea nilipoufua," mama akasema.

"Si ulisema huifui mpaka niijaribu?"

"Basi ni hali ya hewa."

Baba alikuwa mlangoni anavaa viatu vyake vyenye grisi. Alikuwa fundi wa baiskeli. "Hali ya hewa gani hiyo inakula kidole kizima?" akauliza, akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Ongeza vitanzi tu, mama," binti akasema, akafunga kitambaa chake cha siku zote na kuondoka.

Miezi mitatu nyuma daktari aliishika shingo ile kwa vidole viwili, akamwambia binti ameze mate, akasema ni rovu, uvimbe wa tezi, na watu wengi wanazeeka nao. Arudi baada ya miezi sita. Akiona unakua, au pumzi inapata taabu, asingoje miezi sita, aje siku hiyohiyo, maana hapo itabidi kukata. Binti akauliza kukata kuna hatari gani. Daktari hakuwa mtu wa kuficha. Akasema mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na tezi, na mara chache hutokea mtu akaamka sauti imekwaruza, au haipo kabisa. Katika yote aliyoambiwa siku ile, binti alitoka na hilo moja. Alipofika nyumbani akatoa tangazo: shingo haikui, na anayetaka kujua habari zake amuulize mwenyewe.

Hakuna aliyemuuliza.

* * *

Mama hakufuma kwa kubahatisha. Miaka thelathini alikuwa amefuma sweta za shule, na kabla ya kila kazi alifuma kwanza kipande cha kujaribia, ukubwa wa kiganja, akalaza kiberiti juu yake na kuhesabu. Vitanzi kumi na moja kwa urefu wa kiberiti. Si kumi, wala si kumi na mbili. Mkono wake ulikuwa hivyo tangu usichana. Shingo ya binti aliipima kwa uzi mwanzo wa mwezi, akapiga hesabu yake, akapata vitanzi themanini. Themanini ndivyo alivyoanzisha, na themanini ndivyo vilivyokataa kufunga.

Aliogopa, na alichokiogopa kwanza kilikuwa mkono wake. Aliwahi kumwona mfumaji mwenzake ambaye uzee ulimwingilia vidoleni. Yule mama alianza kukaza uzi bila kujua, sweta za watoto wa miaka kumi zikatoka za watoto wa miaka sita, na shule zikamnyima kazi mojamoja mpaka zikaisha. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akakunja vidole na kuvikunjua, akavitazama kama watu asiowaamini.

Akaiweka kando skafu ile. Akaanzisha upya kwa vitanzi themanini na vinne, na safari hii akafuma mbavu, viwili mbele viwili nyuma, kwa sababu mshono wa mbavu huvutika na kumsamehe mtu. Siku ya nne skafu ikafunga. Binti alijitazama kwenye kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Hii sasa ni skafu. Wataniuliza nimenunua wapi."

"Waambie fundi wake amekufa," mama akasema, na wote wawili wakacheka. Siku ile mama alifua, akafagia, akapika, na kila alichofanya alikifanya huku akiimba puani.

Wiki mbili hazikuisha. Binti aliporudi kazini akavua skafu, mama aliona mistari myekundu kuzunguka shingo, alama za zile mbavu, kama za mtu aliyelalia jamvi. Halafu akaona jambo jingine. Kifungo kilikuwa kimesogezwa mpaka ukingoni kabisa, na kilishonwa kwa uzi mweusi. Yeye alikishona kwa kijani.

"Kifungo hiki kakishona nani?"

"Kilikatika."

"Kikakatika na kuhama?"

"Mama, nimechoka," binti akasema, akaingia chumbani kwake.

Basi mama akarudi kwenye sindano. Akajaribu mshono wa punje, mmoja mbele mmoja nyuma, safu inayofuata unabadilisha. Ulilala vizuri, lakini haukuvutika. Akajaribu msokoto, ukapendeza macho na kuvuta kitambaa kizima ndani kama tumbo la mwenye njaa. Akachukua sindano nene zaidi. Akaanzisha vitanzi themanini na vinane. Vipande vya kijani vikajaa kitandani, na mumewe akawa anavisogeza pembeni kila anapotaka kulala.

* * *

Duka la nyuzi lilikuwa la mwanamke waliyemwita Bi Mizani, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime. Mama aliingia, akaweka bonge la uzi juu ya meza, na hakusalimu.

"Umenibadilishia uzi."

"Nani kakubadilishia?"

"Wewe. Huu si ule. Huu unabana."

Bi Mizani alishusha miwani puani. Wateja wawili waliokuwa wakichagua rangi waliacha kuchagua. "Dada yangu, uzi huu umetoka katoni ileile ya mwanzo wa mwezi. Karatasi yake hii, namba yake hii. Utasoma mwenyewe au nikusomee?"

Wale wateja wakacheka kwa pua. Mama alisoma namba. Aliisoma mara mbili, kidole chake kikipita juu ya kila tarakimu, na ilikuwa ileile.

"Basi ni mkono wangu," akasema, na sauti ikamtoka ndogo. "Mkono wangu umeharibika, mwenzangu. Themanini havikutosha. Themanini na vinne vikabana. Sasa niko themanini na vinane, na hivyo pia nina wasiwasi navyo."

Bi Mizani alikuwa na ulimi, lakini moyo pia alikuwa nao. Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Fuma hapa mbele yangu."

Mama akafuma safu kumi. Vidole vilikwenda polepole mwanzoni, kisha vikakumbuka kazi yao. Bi Mizani akabandua kipande cha kijani kilichopigiliwa kwenye rafu, ambacho mama mwenyewe alimfumia mwaka uliopita kuonyesha wateja rangi. Akavilaza vipande viwili sambamba, akaweka kiberiti juu ya kimoja, kisha juu ya kingine, na kuhesabu kwa ncha ya sindano ili kila mtu asikie.

"Kumi na moja. Na huku kumi na moja. Mkono wako ni uleule wa mwaka jana, nenda kalale usingizi." Akacheka. "Huyo unayemfumia ndiye amenenepa. Ni nani?"

Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda.

"Mteja," akasema.

"Mwambie apunguze kula."

Wateja wakacheka, na mama akacheka nao, kwa kuwa asingecheka wangemtazama. Akatoka. Alifika mbali kabla hajajua kwamba ameacha uzi wake mezani na sindano zake kwenye kigoda. Alipokuwa anakuja alitamani kosa liwe la uzi. Sasa angeshukuru liwe la mkono, vidole vyote kumi vife, shule zote zimnyime kazi. Lakini uzi ulikuwa mzima na mkono ulikuwa mzima. Akaegemea ukuta wa nyumba ya watu. Mtu mmoja akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ni jua, na jua halikuwepo.

* * *

Hakumwambia mtu. Siku mbili nzima alijidanganya kwa bidii. Alianza kufuma mshono wa matundu, uzi ukipindwa sindanoni ili kuacha mwanya, kitu chepesi, kipana, ambacho kingeweza kufunga shingo yoyote na kisihesabike.

Mumewe alirudi mchana kula akamkuta nacho mapajani. "Hicho nacho ni chandarua?"

Mama aliendelea kufuma. Vitanzi vitatu vilikuwa vimemtoka sindanoni na hakuwa ameviona.

"Nakutania, mama watoto."

"Shingo imekua," mama akasema.

Fundi baiskeli aliweka kijiko chini. Mama akamweleza yote, themanini, kisha themanini na nne, kifungo kilichohama, kiberiti cha Bi Mizani. Alieleza kwa kunong'ona kwa sababu binti alikuwa amelala chumba cha pili baada ya zamu ya alfajiri. Alipomaliza wakaisikia pumzi ya binti kupitia ukutani. Ilikuwa na mluzi mwembamba, inapoingia na inapotoka.

"Unasikia?" mama akauliza.

"Naisikia wiki ya tatu sasa." Mumewe alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Nilidhani ni bawaba ya mlango wake. Nimetia mafuta. Nikatia tena. Jana nimeung'oa mlango mzima nikaurudisha."

"Ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza."

Hawakulaumiana zaidi ya hapo. Hofu ilikuwa imewabana mahali pamoja kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya ugomvi. Mama alisikiliza mluzi ule, na kila ulipokatika kabla ya kuanza tena, naye alishika pumzi yake.

* * *

Binti aliamka, akatoka sebuleni, akawakuta wamekaa kama watu waliopokea taarifa ya msiba. Mezani palikuwa na vipande vya kijani vimepangwa kwa mstari.

"Mmefungua duka?"

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Hiki ni cha mwanzo wa mwezi. Hiki ni cha katikati. Hiki ni cha juzi. Mkono ni mmoja, uzi ni mmoja."

Binti aliangalia vipande. Hakuvihitaji. "Kwa hiyo mnanipima. Kila nikivishwa nguo, kumbe napimwa."

"Nilikuwa nafuma tu. Sikujua napima."

"Ni mafuta ya mwili. Nimenenepa."

"Sketi yako imelegea kiunoni," baba akasema taratibu. "Umeikunja kwa pini."

Binti akakaa. Akaishika shingo yake kwa mkono mzima, kama anayeficha kitu kwa mwalimu. "Silali chali tena," akasema mwishowe. "Nalala nimekaa. Na kule kazini nakata vituo. Basi la kusini lina vituo kumi na viwili, mimi natangaza tisa. Pumzi haifiki kumi na viwili. Juzi bibi mmoja aliachwa kwa sababu hakusikia kwao kunatajwa. Alikuja dirishani akaniambia, 'Mwanangu, kwetu mmekufuta?' Nikamwambia kipaza sauti kibovu."

"Twende hospitali kesho," mama akasema.

"Kufanya nini? Kukatwa? Mama, mimi sina cheti cha kitu kingine. Sina mkono kama wako. Nina sauti tu. Nikiamka bubu watanipeleka wapi, nikafagie kituo huku mwingine anatangaza? Ongeza vitanzi. Weka tisini, weka mia, uifiche tu."

"Siongezi."

"Mama."

"Hata kitanzi kimoja. Nimekufumia ya kwanza, nikakufumia ya pili, na kila ninapoongeza, naogopa zaidi. Sifumi tena."

Hapakuwa na aliyepaza sauti. Binti alitazama mikono ya mama yake, ambayo tangu azaliwe hakuwahi kuiona imetulia mapajani bila sindano, na hilo lilimtisha kuliko maneno. Lakini aliinuka, akarudi chumbani, na asubuhi akaenda kazini akiwa amejizungushia kitambaa chake cha zamani.

* * *

Mama alimfuata kwa mbali. Hakuwa na mpango. Alikaa kwenye benchi la abiria, kati ya mwanamume mwenye godoro na mwanamke mwenye watoto wawili, akasubiri kama anayesafiri.

Saa mbili kasoro kipaza sauti kikakwaruza, na sauti ya binti yake ikatoka juu ya vichwa vya watu, nzuri, pana, ileile. Ikataja basi la kusini. Ikataja kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama alihesabu kwa vidole. Cha saba. Cha nane. Cha tisa. Hapo binti angeacha, kama alivyozoea. Lakini siku ile, pengine kwa sababu ya yule bibi, pengine kwa ukaidi tu, hakuacha. Akataja cha kumi. Akaanza cha kumi na moja, na jina likakatika katikati.

Kilichofuata kipaza sauti kilikitangaza kituo kizima: pumzi inayotafuta njia. Mluzi, kisha kitu kama mtu anayevuta kiti juu ya saruji, kisha kimya. Watu waliinua vichwa. Mwenye godoro akasema, "Wamekata umeme." Taa za kituo zilikuwa zinawaka.

Mama hakukumbuka baadaye alivyovuka uwanja ule. Alikumbuka mlango wa kibanda uliofunguka kwa kusukumwa, na binti amesimama, mikono miwili juu ya meza, mdomo wazi, macho yamemtoka kama ya mtu anayezama mbele ya watu. Mama akakivuta kile kitambaa shingoni. Akamwinamisha mbele, akamshika mgongo.

"Polepole. Ndogo. Vuta ndogo tu. Na nyingine."

Ilirudi kidogokidogo. Nje ya kioo abiria walikuwa wamejipanga wanatazama, na shingo ya binti ilikuwa wazi mbele yao wote. Hakuifunika.

"Twende," akasema, alipoweza.

* * *

Daktari aliuliza uvimbe umeanza kukua lini. Binti alisema hajui. Mama akatoa vipande kwenye mkoba, akataja tarehe ya kila kimoja na vitanzi vyake, na daktari, ambaye mwanzo alidhani mama huyu amechanganyikiwa kwa hofu, aliacha kuandika, akasikiliza, kisha akaanza kuandika tena kwa haraka. Akapima shingo. Akatuma picha zipigwe siku ileile. Picha zilipokuja aliwaonyesha koromeo lilivyosukumwa upande, limebaki jembamba kama mrija wa kunywea soda.

"Keshokutwa asubuhi," akasema. "Sitasubiri."

"Na sauti yangu?" binti akauliza.

"Pumzi nitaipigania. Sauti nitajaribu. Siwezi kukuahidi."

Alimpa karatasi ya kusaini. Binti aliishika muda mrefu. Mama alivirudisha vipande mkobani. Binti akasaini, akairudisha, na akaomba maji.

Siku ya kukatwa mama na baba walikaa kwenye korido kwa muda wa saa nne na nusu. Baba alienda chooni mara sita. Kila mlango ulipofunguka waliinuka wote wawili, wakakaa tena. Mwishowe daktari akatoka na kofia yake mkononi, akasema imetoka yote, imepelekwa kupimwa, majibu baada ya siku kumi. Mshipa wa sauti haukukatwa lakini uliguswa. Sauti inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Ni kusubiri.

Asubuhi iliyofuata baba alifika wodini akiwa amechelewa. Alipitia kituoni kwanza, kupeleka barua ya ugonjwa. Alisimama pale uwanjani na kumsikia msichana mpya akitangaza basi la kusini. Alitaja vituo vyote kumi na viwili bila kupumzika, na alikuwa na sauti nzuri.

Binti alikuwa ameegemezwa kwenye mito, bandeji nene shingoni. Mama aliinama karibu naye, sikio lake juu ya mdomo wa mwanawe, akasikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Haikuwa na mluzi. Hakuondoa sikio.

"Baba," binti akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. Halikuwa na kengele ndani yake. Lilikuwa kama karatasi inayosuguliwa. Mwenyewe alilisikia, akafumba macho, akayafumbua. Akajaribu tena. "Nani yuko dirishani leo?"

Mama akageuka kumtazama mumewe, na usoni mwake akaona jibu lote.

"Hakuna mtu," fundi baiskeli akasema, akivuta kiti. "Mabasi yanaondoka kimyakimya. Watu wanapanda ya kaskazini wanafika kusini. Nimekuta kondakta mmoja analia."

Binti alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu, na ikamuuma.

"Usimchekeshe," mama akasema. "Ana nyuzi."